Kiatu cha Kushoto cha Kontena

Kiatu cha kushoto hakikuwa na duara. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona Kimya alipovipindua vile viatu mezani, kabla hata hajashangaa ukubwa wake, maana paka angeweza kuzaa ndani yake na watoto wakapata nafasi ya kucheza.

Bondia akirusha ngumi hujigeuza kwa unyayo, na kila akijigeuza soli husagika kidogo pale chini ya dole gumba. Miezi ikipita, panabaki duara laini, sawa na kifuniko cha soda. Kimya alikuwa ameshona viatu vya mabondia wengi wa klabu ya jirani na maduara hayo aliyajua kama anavyovijua vidole vyake. Kiatu cha kulia cha huyu kilikuwa nalo, zuri tu. Cha kushoto kilikuwa na mchirizi mrefu kutoka kisiginoni kwenda ubavuni, mfano wa alama inayoachwa na gunia likiburutwa sakafuni.

"Mguu huu haugeuki," alisema moyoni. "Unavutwa."

Mjomba wake, mwenye duka, aliinua uso kutoka kwenye kisigino alichokuwa akikipiga misumari. "Vya nani hivyo? Au mtu kaleta mabeseni yake tuyatie soli?"

"Vya Kontena."

Nyundo ya Mjomba ilitulia hewani. Akamtazama mpwa wake, akavitazama viatu, kisha akaendelea kupiga misumari polepole. "Vishone vizuri," alisema. "Mteja ni mteja."

Jumamosi ya wiki ile Kontena alikuwa apigane na kaka yake Kimya.

Kaka huyo watu walimwita Sindano, na aliyempa jina hilo hakuhitaji kufikiri sana. Alikuwa na kilo sabini na moja, tena akiwa amevaa koti. Kontena alikuwa na kilo tisini na nne bila shati. Mpinzani halisi wa Kontena alivunjika kidole, na waandaaji wakazunguka klabu zote kutafuta mtu wa kuziba pengo. Wenye uzito wake wote wakapatwa ghafla na safari, misiba na homa. Sindano, aliyekuwa amengoja miaka minne jina lake liandikwe kwenye bango, akanyoosha mkono. Bango likasema ni pambano la kirafiki la raundi nne, ingawa ngumi hazijui kusoma bango.

Mlango wa pili kutoka duka la Mjomba palikuwa na saluni ya Kinyozi. Kinyozi alikuwa na ubao wa mitindo ya nywele, na tangu Jumatatu aliifuta mitindo yote akachora mistari minne ya kwenda chini. Juu ya kila mstari aliandika namba ya raundi. Kila mteja alipewa chaki aandike jina lake chini ya raundi ambayo Sindano angeanguka. Atakayepatia, kunyolewa bure mwezi mzima.

Kimya aliacha shule darasa la tano, mama yao alipougua ugonjwa ambao hakuinuka nao, na kusoma kwake kulikuwa kwa kusitasita. Lakini ubao ule haukuhitaji elimu. Mstari wa raundi ya kwanza ulikuwa umejaa mpaka majina yakapandiana. Wa pili ulikuwa na watu kama kumi. Wa tatu ulikuwa na wawili, na mmoja wao alikuwa shemeji wa Kocha wa Sindano, aliyeandika kwa kuona haya. Wa nne ulikuwa mweupe.

"Kimya!" Kinyozi aliita Jumatano, Kimya akipita na kopo la gundi. "Njoo utie lako. Wewe ni wa nyumbani, unajua siri za jikoni. Raundi ya ngapi?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Anaona vibaya kumwandikia kaka yake kifo," alisema mteja mmoja, povu likiwa limemjaa mashavuni.

"Kifo gani? Ataamshwa kwa maji," Kinyozi alijibu. "Nimeshaweka ndoo."

Wakacheka. Kimya naye alijaribu kutabasamu, akapita haraka. Hakuwa mtu wa maneno. Jina hilo alipewa na Mjomba mwenyewe, kwa sababu angeweza kumaliza siku nzima kwa kusema "karibu," "kesho asubuhi" na "asante." Lakini kwa siku zile ukimya wake ulikuwa na mzigo ndani.

Miezi mitatu iliyopita Sindano alirudi kutoka mazoezini jioni, jua bado lipo. Alipita uani akitanua miguu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagiwa maji. Aliingia katika chumba walichokaa wawili nyuma ya duka, akaketi kitandani, akamtazama Kimya aliyekuwa akichambua mchele. Akamuuliza kwa adabu kabisa: "Samahani, dada, wewe ni nani? Mwenye chumba yuko wapi?"

Kimya alidhani ni mzaha. Kaka yake alipouliza mara ya pili, kwa sauti ile ile ya mgeni mwenye heshima, sinia lilimtoka mikononi. Baada ya saa moja hivi Sindano alirudi kuwa Sindano, akauliza mbona mchele umejaa sakafuni. Alipoelezwa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilipigwa moja ya sikioni," alisema mwishowe. "Ndogo tu. Usimwambie Kocha. Akijua, habari yangu ya ngumi imekwisha. Niapie, mdogo wangu."

Kimya akaapa. Kaka yake ndiye aliyebaki kwake baada ya mama. Ndiye aliyebeba mifuko ya saruji ili yeye apate nguo ya sikukuu, na hakuwahi kumwomba kitu kingine chochote.

Sasa mtu wa kilo tisini na nne alikuwa anakuja, na siri ile ilianza kumla. Jumatatu alikuwa ameamua. Angekwenda kwa Kocha, angesema, kaka yake angemchukia, na maisha yangeendelea. Alifika hadi mlangoni pa klabu, akasikia makofi ya glovu, akashindwa kuvuka kizingiti. Akasema atakwenda kesho.

Na kesho yake ndipo vilipoletwa vile viatu.

Ndiyo maana alikaa navyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alikiinamisha cha kushoto kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye mchirizi, akavuta picha ya mtu mzima kutoka kwenye mpira uliolika. Mtu huyu goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Hakuligeuzia mwili. Ili ageukie upande huo alilazimika kuuvuta mguu kwanza, ndipo mwili ufuate. Mpinzani ambaye angekwenda upande huo, akaendelea kwenda upande huo tu, angemkuta Kontena amechelewa kila mara.

Na Sindano alikuwa na mazoea gani? Alijifunzia ngumi uani kwao, mahali pembamba, na kushoto kwake kulikuwa na kamba za nguo za wapangaji. Akienda kushoto, shuka mbichi lilimpiga usoni na mwenye shuka akamtukana. Kwa hiyo alizoea kwenda kulia, kulia, kulia. Na kulia kwa Sindano ndiko kushoto kwa Kontena.

Kimya alipiga hesabu hiyo mara tatu. Kisha akashusha pumzi, ya kwanza ya maana tangu Jumatatu. Kaka yake asingeguswa, au angeguswa kidogo tu. Angemaliza raundi zote nne amesimama. Hapakuwa na haja ya kwenda kwa Kocha, wala ya kuvunja kiapo. Soli ilikuwa imemtoa kwenye shida.

Alikitia kiatu soli mpya, akashona mzunguko mzima kwa uzi wa nta, mishono midogo iliyobanana. Shetani alimpitia mara moja, akamwambia auache mshono mmoja legevu pale ubavuni. Alimfukuza. Duka la Mjomba lilikuwa na sharti moja lililozidi yote: unachokiona ndani ya kiatu cha mteja kinabaki ndani ya kiatu. Mjomba alikuwa akijua wanaume watatu wa mtaa ule waliovaa soli za ndani za kuongeza urefu, na wake zao hawakujua.

Ijumaa asubuhi Kontena alikuja kuvichukua. Aliziba mlango, duka likawa na giza. Alivaa, akaruka mara mbili, rafu za Mjomba zikatetemeka. Kisha akajaribu kugeukia kushoto, akauvuta mguu, akakuta Kimya anautazama.

Kila mmoja aliinamisha macho.

"Nani kashona?" Kontena aliuliza.

"Mpwa wangu huyo," Mjomba alijibu.

"Mkono mzuri." Alisimama kidogo, akakuna shingo. "Binti, wewe si ndiye dada yake Sindano?"

"Ndimi," Kimya alisema kwa sauti ya sindano ikidondoka.

"Haya." Alitoka, mwanga ukarudi. Kutoka barabarani wakasikia Kinyozi akimpigia saluti: "Mkubwa! Kesho usiwahi sana, mimi nimekuandika raundi ya pili!"

Mchana Sindano alipitia dukani, amevaa koti la mazoezi, jasho linamchuruzika. Aliegemea meza.

"Nasikia adui alikuwa hapa. Viatu vyake vinasemaje?"

"Vinasema ana miguu miwili," Kimya alijibu.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Sindano naye alicheka, akamvuta dada yake ncha ya kilemba. "Siku hizi una maneno, ee? Kesho ukae nyuma ya kona yangu. Kocha anasema uje na sindano na gundi, viatu vyangu vina umri wa babu."

"Sawa, kaka."

Siku ya pambano ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa alasiri. Madirisha yalikuwa wazi, jua likiingia kwa vipande, na mahali pa kupumulia hapakuwepo. Kimya aliketi kwenye benchi fupi nyuma ya kona, mfuko wa vifaa mapajani, mgongo wa Kocha ukiwa mbele yake. Kocha alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu mfupi mwenye shingo nene, na alimpenda bondia wake kama mtoto wa kumzaa.

Mabondia walipovua makoti ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Mwamuzi! Huyo mwingine kabaki kwenye mfuko, mtoeni!"

"Sindano, rudi kwenye kibweta cha uzi!"

"Kontena, usimkanyage, utachomwa mguu!"

Sindano alitabasamu kwa meno yote. Kontena hakutabasamu. Alikuwa akikitazama kiatu chake cha kushoto.

Kengele ikalia. Kontena alirusha ngumi ya kwanza, na kama ingefika, stori ingekuwa fupi. Sindano alikwenda kulia. Ya pili ikaja, akaenda kulia tena. Kontena akauvuta mguu kumfuata, na wakati amemfikia, Sindano alikuwa ameshampiga mbili za mbavu na kuondoka. Kimya aliuona mguu ukivutwa kila mara, sawasawa na mchirizi wake kwenye soli. Alishika mfuko kwa mikono miwili na moyo wake ukaanza kutulia.

Raundi ya kwanza ikaisha. Nusu ya majina kwenye ubao wa Kinyozi ikawa imekufa. Watu waliotabiri hivyo walinung'unika kama abiria walioachwa na gari.

Raundi ya pili ilikuwa ni ile ile, ila sasa Kontena alikuwa akitweta. Aligeuka kama lori linalotafuta kona kwenye kichochoro, kila mtu akimwelekeza: "Rudi nyuma! Kata kulia! Kuna ukuta!" Sindano alizunguka, akachoma, akazunguka. Mwisho wa raundi hakuna aliyekuwa akimcheka. Walikuwa wakimwimba jina.

Kinyozi alisimama juu ya kiti. "Naufuta ubao! Jamani, naufuta!"

"Shuka, utaanguka wewe kabla yake!"

Katika raundi ya tatu, karibu na mwisho, Kontena alirusha mkono wa kurudi, kama mtu anayefukuza nzi. Glovu ikamgusa Sindano juu ya sikio. Ilikuwa ngumi ndogo. Sindano hakuanguka, hata goti halikukunjika, na papo hapo akajibu kwa ngumi mbili safi zilizompeleka Kontena kwenye kamba. Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Kengele ikalia katikati ya makofi, na hakuna aliyekumbuka ile ya sikio.

Kimya aliona kaka yake akirudi kwenye kona. Alikuwa ametanua miguu. Alikanyaga kwa uangalifu, unyayo mzima, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagiwa maji.

Siku nne nzima Kimya alikuwa amesoma miguu ya Kontena na kuridhika, na kaka yake, ambaye alilala hatua tatu kutoka kitanda chake, hakumsoma hata mara moja. Alikuwa amepima ukubwa wa ngumi, wakati alijua, kuliko mtu yeyote mle ukumbini, kwamba kichwa kile hakikuhitaji ngumi kubwa.

Sindano alikipapasa kiti kwa mkono kabla ya kuketi. Kocha alimwinamia akimwagia maji shingoni.

"Unaongoza, mwanangu! Raundi zote tatu zako! Dakika tatu tu, uzunguke vile vile, usifanye ujinga. Unanisikia?"

"Ndiyo," alisema Sindano.

Kimya alisimama. Alimvuta Kocha shati. "Kocha."

"Viatu viko sawa, binti, kaa."

"Kocha, muulize mimi ni nani."

Makofi yaliimeza sauti yake. Kocha hakugeuka. Mwamuzi alikuwa akitazama saa. Kimya alipanda kwenye ubao wa pembeni mwa ulingo, mahali ambapo hakuna aliyemruhusu kupanda, watu mia tatu wakimtazama mgongoni. Akashika kamba na kupiga kelele ambayo hakujua kama anayo.

"Kocha! Miezi mitatu iliyopita alipigwa sikioni mazoezini akanisahau! Aliniapisha nisiseme, na mimi nikakuficha! Muulize mimi ni nani!"

Safari hii Kocha aligeuka. Alimtazama Kimya, akamtazama bondia wake, na uso wake wote ukabadilika. Akamshika Sindano kidevu taratibu.

"Mwanangu. Huyu hapa ni nani?"

Sindano alimtazama Kimya. Akatabasamu kwa adabu.

"Huyu? Si yule dada wa viatu."

"Dada wa viatu ni nani kwako?"

Sindano alifikiri. Alitaka sana kusaidia. "Jina lake silijui, Kocha. Lakini nimeshawahi kumwona."

Kocha hakungoja kengele. Taulo lilipita juu ya kamba likaanguka katikati ya ulingo, mbele ya miguu ya Kontena.

Kelele zilizofuata Kimya hakuzisikia vizuri. Watu walizomea, wengine waliita ni wizi, mmoja alitupa chupa tupu. Mwamuzi aliinua mkono wa Kontena, naye aliushusha mwenyewe, akavuka ulingo akiuvuta mguu wake, akaja kwenye kona ya wapinzani.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

"Nje, la kwangu," Kocha alisema, akifungua kamba za glovu.

Kontena alimwinua Sindano mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akashuka naye. Umati ukafunguka. Mbele ya mlango kuna mtu aliona nafasi ya utani asiweze kuiacha: "Leo kontena ndilo limepakia!" lakini wachache walicheka. Kimya aliwafuata akiwa ameshika viatu vya kaka yake. Hakukumbuka alimvua saa ngapi.

Hospitali haikuwa mbali. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimmulika Sindano machoni, akamwambia afuate kidole chake, akamuuliza siku, mwezi na jina la mahali alipo. Kisha akampeleka kupigwa picha ya kichwa. Mlango ulifungwa. Kocha alisimama ameelekea ukutani. Mjomba, aliyefika mbio akiwa bado amevaa aproni ya kazini, aliketi kando ya Kimya. Kontena alikalia benchi la pili peke yake, maana lilikuwa limejaa.

"Miezi mitatu," Kocha alisema, akiuambia ukuta. "Na mimi namrusha ulingoni."

"Kosa ni langu," Kimya alisema.

"Kosa ni la wengi," Mjomba alisema. "Tulieni."

Kontena alikohoa. "Binti, siku ile dukani uliona goti langu."

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Na hukumwambia?"

"Ni sharti la duka."

Jitu lile lilitazama sakafu. "Mimi nilipanda nikijua raundi ya nne sitaifikia. Nilikuwa nasali kengele ilie kabla goti halijaniangusha mbele za watu. Taulo lile lilipotua, wallahi, nilitaka kulibusu." Akafikiri kidogo. "Kesho naenda kulionyesha kwa daktari. Nimechoka kulificha."

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa dirisha daktari aliporudi. Kimya alisimama kwa nguvu hata mfuko wa vifaa ukamwagika, sindano na misumari ikatawanyika, na hakuna aliyeinama kuokota.

"Hakuna damu ndani," daktari alisema. "Ubongo umetikisika, lakini uko salama. Atalala hapa tumwangalie. Atakuwa mzima." Akamwinulia kidole Kocha, kisha akamwinulia Mjomba, kisha Kontena pia, kwa kuwa alikuwepo. "Ila glovu, basi. Kabisa. Angepigana raundi ile ya mwisho, sijui ningekuwa nawaambia nini sasa hivi."

Kocha aliteleza ukutani hadi akakaa chini. Mjomba alisema "Alhamdulillahi" mara nyingi mfululizo, akifuta uso kwa aproni yenye gundi. Kimya aliinama akaanza kuokota misumari, mmoja mmoja, kwa sababu alihitaji kushika kitu, na kila msumari ulikuwa mwepesi mno.

Kinyozi alifika na ujumbe wa mtaa mzima, amebeba ubao kwapani kama mtu aliyenusuru mali yake kwenye moto. Alipoambiwa kwamba Sindano ni mzima alipangusa macho kwa kiwiko. Halafu akawa Kinyozi tena.

"Jamani, nina kesi. Ubao hauna mshindi. Hakuna aliyeandika kwamba ataongoza kisha atolewe na dada yake. Sasa mwezi wa kunyolewa bure nampa nani?"

"Mpe Kontena," Mjomba alisema.

Wote wakakitazama kichwa cha Kontena, kilichong'aa kama sahani. Kontena alikuwa wa kwanza kucheka, na benchi likalia chini yake. Muuguzi akatoka kuwafukuza.

Kimya peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Sindano alikuwa amelala ameinuliwa mto, sikio limevimba. Alifumbua macho mlango ulipolia.

"Kimya," alisema. "Nani kashinda?"

Kimya alisimama palepale alipo, akaliacha jina lake limwingie. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Kontena. Kocha alitupa taulo."

"Mimi nilikuwa naongoza."

"Ulikuwa unaongoza."

Sindano alitazama dari. "Muuguzi kanidokezea tu. Ulipanda juu ukapiga kelele ukumbi mzima." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Miaka minne nimesubiri bango lile. Na wewe uliniapia, mdogo wangu."

"Nilikuapia."

"Basi?"

Siku nyingine yoyote Kimya angeinamisha kichwa na kusema nisamehe, kaka. Aliangalia mikono yake, nyufa zilizojaa gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Kisha akamtazama usoni.

"Siku ile uliponiuliza mimi ni nani," alisema, "nilikwambia naenda kuteka maji. Sikwenda kuteka maji, kaka. Hata ndoo sikuchukua. Nilikaa nyuma ya bafu nikalia, halafu nikawa nafanya mazoezi ya kukutajia jina langu polepole, nisije nikakuogopesha."